Nyonyo, Rufiji na tumbo la Cessna

Wiki hii hapa hosteli kumezuka ubishi. Jamaa mmoja kasema ukiona ndege ndogo ina mafuta meusi tumboni, hiyo mbovu, usipande. Mimi nikabisha, na kwa vile nasoma historia naanzia mbali.

Twende Rufiji, mwaka 1915. Wajerumani walikuwa wameificha manowari yao Königsberg huko delta, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar Septemba 1914. Waingereza wakaleta ndege za kuisaka, zikiwemo Sopwith mbili za kutua majini zenye injini za Gnome. Injini hiyo kituko kweli: silinda zote zinazunguka pamoja na pangaboi, na mafuta ya kulainisha hayarudi tena kwenye tanki. Yakipita mara moja yanatupwa nje na moshi. Na mafuta yenyewe ni ya nyonyo! Yaani ya mbarika, mti ambao kwetu Masumbwe unajiotea tu nyuma ya nyumba. Sababu ni kwamba petroli ilipita humo humo yalimo mafuta, na nyonyo haiyeyuki kirahisi kwenye petroli. Rubani akitua kalowa mafuta, na nyonyo ikiingia tumboni mnajua wenyewe inafanya nini. Zile Sopwith joto liliziweza, hata kupaa ilikuwa taabu. Ndege nyingine zilizorukia Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga mpaka Königsberg ikaisha, tarehe 11 Julai 1915.

Kwa hiyo wakati huo ndege kutapakaa mafuta ndiyo ilikuwa hali ya kawaida. Baadaye zikatawala injini ambazo silinda zimetulia na mafuta yanazunguka ndani. Chukua Cessna 206, ndege ya miaka ya 1960 ambayo bado inaruka. Hii nayo inatoa mafuta, ila kidogo. Ringi za pistoni hazizibi asilimia mia, gesi inapenya kwenda chini kwenye krenki, na lazima itokee mahali. Inatoka kwa bomba la kupumulia, ikibeba mvuke wa maji na matone ya mafuta, inapaka tumbo. Waliowahi kusimama karibu na mashine ya dizeli ya kusaga, au ya karasha kule machimboni, wameliona bomba kama hilo likipumua.

Sasa kazi ipo kwenye kusoma doa. Sampu ya hiyo Cessna inabeba lita 11 hivi, lakini ukijaza mpaka juu, zile za mwisho zinatemwa nje zote. Ndiyo maana wengi wanaiacha kwenye lita 9. Ukipunguza na doa likapungua, hakuna ugonjwa hapo. Ila doa likiongezeka ghafla wakati kiwango ni kile kile, ringi au silinda imeanza kufa, hapo inapimwa mgandamizo kabla ya kuruka. Ndiyo maana tumbo linafutwa kila mara: doa la jana likibaki, la leo utalijuaje?

La kutisha zaidi, kwa maoni yangu, ni tumbo lililokuwa linachafuka halafu ghafla likawa safi kabisa. Bomba likiziba, kwa barafu huko juu au kwa nyigu aliyejenga humo ndege ikiwa imepaki, presha inasukuma sili ya mbele ya krenki, inachomoka, na mafuta yote yanamwagika angani. Kwa ajili ya barafu bomba hutobolewa tundu dogo pembeni, sehemu yenye joto, ili injini ipumulie hapo mdomo ukiganda.

Wengine hufunga chombo cha kutenganisha mafuta na hewa, yale mafuta yakarudi ndani. Tumbo linang'aa, sawa, lakini kikifungwa ovyo maji na asidi navyo vinarudi, na ndege ikikaa wiki kadhaa bila kuruka kutu inaanza kula kamshafti.