Ubani na Udi: Baina ya Manukato na Ibada

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Mara nyingi tunaulizwa: Je, kufukiza ubani ni jambo la dini au ni ushirikina? Wapo wanaouharamisha moja kwa moja, na wapo wanaodhani kuwa dua isiyo na chetezo haipokelewi. Wote wamevuka mpaka.

Ubani ni utomvu wa mti unaoota Dhofar nchini Oman, Hadhramaut na Somalia. Gome hutiwa jeraha, utomvu ukatoka mweupe kama maziwa, kisha ukaganda. Udi ni kitu kingine: ni vipande vya mti wenye harufu, vitokavyo India na nchi za mashariki yake.

Karne nyingi kabla ya Uislamu, misafara ya ngamia ilipeleka ubani Sham na Misri, na wanunuzi wakubwa walikuwa mahekalu. Mwaka 250 Miladia, Decius, mfalme wa Warumi, aliamuru raia waitolee sadaka miungu. Baadhi ya Wakristo walifukiza ubani tu, na kanisa lao likawahesabu kuwa wameasi imani. Moshi ule ulikuwa ni ibada.

Uislamu ulipokuja haukuharamisha harufu nzuri, bali uliitenga na masanamu. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Ibn Umar (R.A.) alikuwa akijifukiza kwa udi mtupu, na mara nyingine akiutia kafuri, na akaeleza kuwa ndivyo alivyokuwa akifanya Mtume (S.A.W.). Na Nu'aym bin Abdillah, mwanafunzi wa Abu Hurayra (R.A.), alijulikana kwa lakabu ya Al-Mujmir, yaani mfukizaji, kwa sababu yeye au baba yake alikuwa akiufukiza msikiti wa Madina.

Kwa hiyo mafakihi waliuweka ubani na udi katika mlango wa manukato. Aliyehirimia hajifukizi. Mwanamke aliyejifukiza amekatazwa kuhudhuria Isha msikitini. Chetezo cha dhahabu au fedha hakitumiki. Sanda hufukizwa udi kabla ya maiti kuvishwa.

Katika pwani yetu mambo hayo yameingia katika ada: nguo za harusi hufukizwa udi, na hata fedha wanazopewa wafiwa huitwa ubani. Hayo hayana ubaya. Lakini mtu huyo huyo akichukua chetezo akaenda nacho mzimuni, au akafukiza kwa mganga ili pepo wapande na waridhike, hukumu imegeuka. Ubani haukubadilika, aliyekusudiwa ndiye aliyebadilika. Kujikurubisha kwa asiyekuwa Allah ni shirki, hata kwa punje moja.

Na anayesema kuwa dua haipandi ila kwa moshi, tunamuuliza: dalili iko wapi? Allah (S.W.) ametuambia kuwa Yeye yu karibu, na anamjibu anayemwomba.

Tunawausia maimamu mambo mawili. Kwanza, wawafundishe watu tofauti hii kabla ya kuwatia watu katika ukafiri kwa sababu ya chetezo. Pili, wakifukiza msikiti, wafukize kabla watu hawajafika, na milango iwe wazi, kwani miongoni mwa wanaoswali wamo wenye pumu, na kanuni ya fiqhi ni kuwa madhara huondoshwa.

Wallahu a'lam.