Nyiragongo na mbio za habari: Goma kutoka 1977 hadi 2021

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, kuelekea saa moja ya jioni, anga ya Goma iligeuka nyekundu. Wakaaji walitoka nje, wakatazama upande wa kaskazini, kisha wakatazama simu zao. Wote waliuliza jambo moja: ni mlima gani unaowaka?

Taarifa ya kwanza kutoka kwa wataalamu ilitaja Nyamulagira. Kwa mtu wa Goma, jina hilo lina maana yake. Nyamulagira hutoa moto mara nyingi, lakini lava yake huishia ndani ya mbuga ya Virunga, mbali na nyumba za mji. Aliyesikia hivyo alikuwa na sababu ya kubaki nyumbani. Baadaye ikajulikana kuwa ni Nyiragongo, mlima uliochoma mji mwaka 2002. Aliyesikia jina hilo alifunga mizigo. Usiku huo huo MONUSCO iliandika kwenye Twitter kwamba, kwa yale ndege zake zilivyoona, lava haikuonekana kuelekea mjini. Kabla ya mapambazuko lava ilikuwa imefika Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na hapo ikasimama.

Maelfu ya watu walikuwa njiani kuelekea Gisenyi na Sake: kwa miguu, kwa pikipiki, wengine na godoro kichwani. Siku iliyofuata msemaji wa serikali, Patrick Muyaya, alitangaza hesabu ya kwanza ya waliokufa. Walikuwa 15. Kati yao, 9 walikufa katika ajali ya barabarani wakati wa kukimbia, 4 walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka gereza la Munzenze, na 2 waliungua. Idadi ilipanda baadaye hadi zaidi ya 30. Lakini hesabu ile ya kwanza ilionyesha jambo ambalo mji haupaswi kusahau: mbio zenyewe zinaua. UNICEF nayo ilisema kuwa zaidi ya watoto 150 walikuwa wametengana na familia zao.

Mlima huo haukuwa mgeni. Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava lililokuwa juu ya Nyiragongo lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Goma ulikuwa bado mji mdogo. Katika vijiji vya mteremko, moto ulifika pamoja na habari yake, na wengi hawakupata hata dakika za kuulizana.

Mwaka 2002 mambo yalikuwa tofauti. Mtaalamu wa volkano wa hapa Goma, Dieudonné Wafula, alikuwa ameona dalili na kuzitolea taarifa kabla ya mlipuko. Lakini nchi ilikuwa vitani, Goma ilikuwa chini ya RCD, na onyo lake halikugeuka kuwa mpango wa kuhamisha watu. Tarehe 17 Januari lava ilipita katikati ya mji, ikateketeza maduka na nyumba, ikaingia ziwani. Watu karibu 120,000 walibaki bila makao.

Mamia ya maelfu walivuka mpaka. Mashirika ya misaada yaliwaomba wabaki Rwanda kambini, kwa kuwa mji haukuwa salama. Baada ya siku mbili tatu wengi walirudi, wakikanyaga mawe ambayo bado yalikuwa na joto. Haikuwa ujinga. Gisenyi hakukuwa na chakula cha kutosha, na kila mmoja alihofia mali aliyoacha. Hakuna redio waliyoiamini iliyowaeleza hatari ipo wapi na imekwisha wapi. Tarehe 21 Januari kituo cha mafuta kililipuka wakati watu wakichota mafuta ndani yake, na makumi wakafa. Mwezi uliofuata, Februari 2002, Radio Okapi ilianza kutangaza nchini, Kiswahili kikiwa kati ya lugha zake.

Basi 1977 mji ulikosa muda, na 2002 ulikosa sauti moja ya kuaminika. Mwaka 2021 sauti zilikuwa nyingi kupita kiasi, huku ile iliyohitajika zaidi ikiwa imedhoofika. Msaada wa fedha kwa kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG, ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata pesa ya intaneti ya kupokea vipimo kutoka mlimani. Wataalamu waliponyamaza, simu hazikunyamaza. Picha za miaka ya nyuma zilipita kutoka kikundi hadi kikundi kama picha za usiku ule.

Mlipuko ulifuatwa na matetemeko mfululizo, na nyufa zikaonekana kwenye barabara na kuta. Alfajiri ya tarehe 27 Mei, liwali wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, ambaye hakuwa amemaliza mwezi mmoja kazini, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamishwe. Alieleza kwamba magma iko chini ya mji na chini ya ziwa, na kwamba mlipuko mwingine hauwezi kuondolewa katika hesabu. Lilikuwa onyo juu ya jambo linaloweza kutokea. Lakini neno «inaweza» ndilo hudondoka la kwanza njiani. Wa kwanza husema «ziwa linaweza kulipuka», wa tatu hutuma «ziwa linalipuka». Anayepokea hana njia ya kujua ni neno gani limetolewa.

Karibu watu 400,000 waliondoka, wakiwemo wa mitaa ambayo haikutajwa. Sake ilijaa, watu wakalala makanisani, shuleni na kando ya barabara, huku maji safi yakikosekana na hofu ya kipindupindu ikipanda.

Tarehe 29 Mei serikali yenyewe ilitoa habari kwamba mlima mdogo wa Murara umelipuka, kisha siku hiyo hiyo ikaifuta. Tena Murara ni jina la mtaa mmoja mjini, kati ya ile 10 iliyohamishwa. Habari ya kutisha husambazwa na wengi. Masahihisho husambazwa na wachache. Waziri Mkuu Sama Lukonde alipotangaza tarehe 7 Juni kwamba watu wataanza kurudi, wengi walikuwa wamekwisha kurudi. Hawakungoja tena neno la serikali, kwa sababu lilikuwa limebadilika mara nyingi mno.

Hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Anayedanganywa mara ya kwanza hukimbia bure. Mara ya pili hubaki, hata kama safari hii onyo ni la kweli. Amri ya tarehe 27 Mei haikuwa uongo: matetemeko yalikuwepo, hatari ilikuwepo. Lakini mji ukizoea kuona maonyo yakififia, siku moja utabaki kitandani wakati mlima unashuka.

Familia zilizohama makwao zinajua jambo hili kuliko wote. Mwanzoni mwa 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipovunjwa, kila familia ililazimika kuamua kama kijiji chake cha Masisi, Rutshuru au Nyiragongo kinafaa kurudiwa. Wengi walikuwa na simu tu ya kuwaongoza. «Kumetulia» ni neno moja, lakini linahitaji maswali matatu: nani amesema, lini, na je, yeye mwenyewe yuko huko? Ujumbe usio na tarehe unaweza kuwa wa mwaka jana. Sauti isiyo na jina haiwezi kuulizwa chochote.

Nyiragongo utawaka tena, na hakuna anayejua siku. Shule ya miaka hiyo mitatu ni kwamba wakaaji wa Goma hutembea kwa habari kabla ya kutembea kwa miguu. Anayetuma ujumbe usiku wa hofu, awe liwali, mwandishi, shefu wa nyumba kumi au kijana mwenye simu, anawapeleka watu mahali. Na njiani kuna watoto.