Panda: umeme wa Lufira, makala ya miombo

LIKASI – Katika komini ya Panda, mama anayesonga bukari uani anaweza kuona nyaya za umeme wa nguvu kutoka mlangoni mwake. Nyaya zinaelekea viwandani. Kwenye mbabula yake yanawaka makala. Jambo hilo halikuanza jana, wala halikuletwa na uvivu wa mtu. Lina historia ya karibu miaka 100, na ni vizuri wakaaji wa zamani na familia zilizokimbilia kwetu tuijue, kwa sababu siku hizi kila mahali tunaambiwa tupunguze hewa chafu. Wengi wanauliza: sisi tusio na gari wala kiwanda, tunahusika wapi? Historia ya Panda inajibu swali hilo.

Gesi hizo ni nini?

Usiku wa mwezi wa sita hapa Katanga baridi inauma. Unajifunika blanketi. Blanketi halina moto ndani yake, linazuia tu joto la mwili wako lisitoke. Gesi tunazozungumzia zinafanya hivyo juu ya dunia nzima. Jua linapasha ardhi, ardhi inarudisha joto juu, na gesi zinazuia sehemu ya joto hilo. Gesi zikiongezeka, blanketi linakuwa zito, na dunia inapata joto kupita kipimo.

Ya kwanza ni kaboni dioksidi, ambayo wengine wanaiita hewa ukaa. Inatoka kila tunapochoma kuni, makala, makaa ya mawe, mazutu au petroli. Ya pili ni methani. Inatoka kwenye vinamasi, kwa ng'ombe, kwenye taka zinazooza, na hata kwenye tanuru la makala lililofunikwa udongo. Kilo moja ya methani inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kilo moja ya hewa ukaa, ukihesabu kwa miaka 100.

Mti unafanya kazi ya kinyume. Unavuta hewa ukaa na kuiweka ndani ya mbao zake. Ukichomwa, hewa hiyo inarudi juu. Mti mwingine ukiota mahali pale, itavutwa tena. Usipoota, deni linabaki angani.

Moto uliotoka mbali

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa pale. Kuyeyusha shaba kunadai moto mkali sana, na moto huo ulisafiri: koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, ililetwa kwa treni kutoka Wankie, leo Hwange, nchini Zimbabwe. Katika miaka ya 1920 makaa ya mawe yakaanza kuchimbwa pia Luena, upande wa Bukama. Ndiyo ilikuwa mwanzo wa gesi nyingi za kiwanda katika Katanga: moshi wa treni na moshi wa matanuru.

Katika miaka hiyohiyo ya 1920 Union Minière ilijenga Panda: kiwanda cha kutenganisha madini na mawe, na kando yake kambi ya wafanyakazi. Watu waliletwa kutoka Kasai, Lomami, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake: mfanyakazi alipewa mkataba wa miaka 3 na kuruhusiwa kuja na mke wake. Kambi ikajaa familia. Familia inahitaji moto wa kupikia, na moto wa jikoni ulitoka katika msitu wa miombo uliouzunguka mji.

Mto unafungwa kwa ajili ya shaba

Mwaka 1929, hapa jirani Shituru, kilianza kiwanda cha kusafisha shaba kwa elektrolisisi. Shaba inayeyushwa katika maji ya asidi, kisha umeme unaivuta mpaka ishike kwenye sahani, safi kabisa. Bila umeme mwingi, kazi hiyo haiwezekani. Ndiyo sababu mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha kilianza kutoa umeme kwenye maporomoko ya mto Lufira, takriban kilomita 70 kutoka Likasi. Wakati ule kiliitwa Francqui, jina la tajiri mmoja wa Ubelgiji. Maji yaliyozuiliwa yalifunika bonde, na ndilo ziwa Tshangalele, ambako wavuvi wanatega nyavu hadi leo.

Katika miaka ya 1950 vikaongezwa vituo vingine: Koni kwenye Lufira hiyohiyo, kisha Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba. Mwaka 1952 hata treni kati ya Jadotville, ndilo jina la Likasi wakati ule, na Tenke zikaanza kuvutwa na umeme.

Tufikirie maana yake. Umeme wa maji hauchomi kitu. Zaidi ya miaka 70 iliyopita, kabla ya watu kuzungumza habari ya tabianchi, sehemu kubwa ya kazi ya shaba hapa kwetu iliendeshwa na mto. Wakubwa wa kampuni hawakufanya hivyo kwa kupenda hewa safi. Makaa ya mawe yalitoka mbali, na mto ulikuwa karibu. Lakini matokeo ni kwamba katika mji wetu umeme usio na moshi ulifika kiwandani mapema sana, na jikoni kwa kuchelewa, au haukufika kabisa. Umeme huo ulipangwa kwa hesabu ya tani za shaba. Hesabu ya sufuria haikuwemo.

Mambo hayakubadilika sana baada ya uhuru. Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967 na baadaye kampuni ikawa Gécamines. Mwaka 1982 ilimalizika laini kubwa ya Inga-Shaba, kama kilomita 1,700 kutoka Inga, karibu na bahari, mpaka Kolwezi. Umeme wake ni wa mkondo mmoja, ambao hauteremshwi kwa transfoma ya kawaida. Kwa hiyo vijiji vingi vinaona nyaya zikipita juu ya mashamba yao, na usiku vinawasha taa za betri. Laini hiyo nayo ilijengwa kwa ajili ya migodi.

Mshahara unaisha, msitu unaingia

Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kila mwaka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na katikati ya miaka ya 1990 shaba ilishuka chini ya tani 50,000. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya familia za asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao, na nyingi zilikaa miezi mingi kwenye gare ya Likasi zikingoja treni. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Mtu aliyepoteza mshahara, posho na nyumba ya kampuni atafanya nini? Wengine walienda kulima, wengine kuchimba madini kwa mikono, wengine kuchoma makala. Baadaye vita vya Mitwaba, Pweto na Manono vikasukuma familia nyingine barabarani. Aliyekimbia bila jembe wala mbegu, makala ni kazi inayompa pesa mapema: msitu uko pale, soko liko mjini. Anayetaka kuwalaumu wachoma makala aanze kwanza na historia hii.

Hata leo, katika nchi yetu yenye mito mikubwa hivi, karibu mtu 1 tu kati ya 5 anapata umeme. Mwadingusha yenyewe ilikarabatiwa, kazi ikaisha mwaka 2021. Pesa zilitoka upande wa mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, na kwa makubaliano mgodi huo unapata umeme. Jikoni tunabaki na delestaji tunayoijua wote.

Gunia moja la makala linakula nini?

Katika tanuru la udongo la kawaida, kilo 1 ya makala inadai kilo 5 mpaka 10 za mti. Maana yake gunia la kilo 50 limekula kilo 250 mpaka 500 za miti. Nyingine imetoka kama moshi, mvuke na gesi kabla gunia halijafungwa. Kwa hiyo hasara kubwa iko msituni, kwenye tanuru, zaidi ya jikoni kwa mama.

Na msitu wa miombo una tabia nzuri. Muputu na mutondo zikikatwa, kisiki kinachipua. Msitu unaweza kurudi, pamoja na bowa, masuku na viwavi tunavyokula. Unaouzuia ni moto wa mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa na wa kumi, unaounguza machipukizi, na shamba linalolimwa bila kupumzika. Hapo ndipo deni la angani linapobaki bila kulipwa.

Tusisahau pia uzito wa kila mmoja. Ukihesabu petroli, mazutu na makaa ya mawe, Mkongo mmoja anatoa chini ya kilo 100 za hewa ukaa kwa mwaka. Mmarekani mmoja anatoa kama tani 14. Blanketi la dunia halikufumwa Panda. Lakini msitu unaoisha ni wetu, na bei ya gunia inayopanda tunailipa sisi.

Kilicho mikononi mwetu

Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi walianza kutengeneza jiko la bati lenye udongo wa kuchoma ndani. Linashika joto, na linapunguza makala kwa theluthi moja mpaka nusu. Fundi wa mabati na mfinyanzi wakikaa pamoja, kazi hiyo inawezekana hapa. Hata bila mbabula mpya, maharagwe yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa moto mdogo, sufuria yenye kifuniko inaokoa makala, na makala yaliyobaki yanazimwa kwa mchanga ili yawake kesho.

Neno moja kwa familia zinazolala katika chumba kimoja au chini ya turubai: msiingize mbabula ndani wakati wa baridi mkafunga mlango. Makala yanatoa gesi isiyo na harufu, kaboni monoksidi, inayoua watu wakiwa usingizini.

Kwa wachoma makala: kuni zikauke kwanza, tanuru lifunikwe bila nyufa, na visiki viachwe vichipue. Ukichoma majani kukinga msitu, choma mapema, mwezi wa tano, moto ukiwa mpole. Kule Mampu, katika uwanda wa Bateke karibu na Kinshasa, wakulima wanapanda akasia pamoja na mihogo, kila familia kwenye hekta 25, na makala yanatoka katika miti waliyopanda wenyewe.

Lakini tabia za jikoni peke yake hazitoshi, maana tumeona shida ilianzia kwenye nyaya. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kampuni za madini kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa eneo la mgodi, na kuandika ahadi zake pamoja nao katika daftari linaloitwa cahier des charges. Katika mikutano hiyo tumezoea kuomba shule na visima. Tuombe pia transfoma, nguzo na nyaya za kufikisha umeme kwenye nyumba, na miche ya kupanda.

Ili kuomba vizuri, tuje na hesabu. Kila nyumba iandike kwa mwezi mmoja tu: makala mangapi, franga ngapi, siku ngapi umeme ulikuwepo. Viongozi wa avenue wakusanye hesabu hizo. Mwaka 2030 Mwadingusha itatimiza miaka 100. Ni muda mfupi, lakini unatosha kwa watu wa Panda kuuliza, wakiwa na karatasi mkononi, ni lini mto Lufira utapika bukari.