Ukuta wa Kukunja: Historia Fupi ya Shule ya Ridgeley na Wenzake

Huko Capitol Heights, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, kuna jengo la mbao la vyumba viwili vya madarasa lililojengwa mwaka 1927. Lilianza kama shule ya watoto Weusi, baadaye likawa ofisi ya kuendeshea mabasi ya shule, na tangu mwaka 2011 ni makumbusho na ukumbi wa kukodi. Wapo wanaosikitika wakisikia shule imegeuzwa ukumbi. Hao wangeutazama mchoro wake kwanza.

Shule ya Ridgeley ni mmoja wa watoto wa mradi ulioanzia Alabama. Mwaka 1912 Julius Rosenwald, mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago, alitimiza miaka 50, akakipa chuo cha Tuskegee dola 25,000 za kusaidia vyuo vilivyofuata nyayo zake. Booker T. Washington, mwasisi wa Tuskegee, aliomba ruhusa ya kuchota sehemu ya fedha hizo ajenge shule sita vijijini, kwani watoto wengi wa watu Weusi wa Kusini walikuwa wakisomea makanisani na katika vibanda vibovu. Ya kwanza ilisimama Loachapoka, hukohuko Alabama, mwaka 1913. Washington alifariki miaka miwili baadaye. Mradi haukufa naye: kufikia mwaka 1932 zilikuwa zimejengwa shule 4,977 katika majimbo 15.

Shule zote hizo huitwa za Rosenwald, ingawa hesabu inasema jingine. Gharama ya mradi mzima ilikuwa kama dola milioni 28.4. Sehemu kubwa ilitoka kwenye kodi, mfuko wa Rosenwald ulitoa asilimia 15 hivi tu, na wananchi Weusi wenyewe walichanga zaidi ya huo mfuko: dola milioni 4.7. Walichanga senti, wakatoa mbao na nguvu zao, wakauza chakula kanisani, wengine wakatenga kipande cha shamba la pamba kwa ajili ya shule. Sisi tungeiita harambee. Tofauti ni kwamba watu hawa walikuwa wamekwisha kulipa kodi, na kodi hiyo ikaenda kwanza kwenye shule za Wazungu. Walilipia darasa moja mara mbili, na jina ukutani likabaki la mtu mwingine.

Michoro ya mwanzo ilitoka Tuskegee, chini ya Robert R. Taylor, msanifu majengo Mweusi aliyesomea Massachusetts. Umeme haukuwepo, kwa hiyo jua lilipangwa kwa makini: madirisha marefu yalipangwa safu moja yakitazama mashariki au magharibi, na madawati yakawekwa ili mwanga umjie mtoto kutoka kushoto, kivuli cha mkono wake kisiangukie maandishi. Jengo liliinuliwa juu ya nguzo fupi. Kati ya madarasa mawili kukawekwa ukuta wa kukunja. Mchana uligawa wanafunzi. Jioni ulisukumwa kando, vyumba viwili vikawa ukumbi mmoja wa mkutano, maonyesho ya watoto au harambee nyingine. Wachoraji walikusudia hivyo tangu siku ya kwanza.

Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1954 uliobatilisha ubaguzi katika shule ulileta haki, na pia ukafunga milango ya shule hizi moja baada ya nyingine. Nyingine ziligeuzwa ghala la nyasi, nyingine zikaachiwa mchwa. Mwaka 2002 shirika la kitaifa la kuhifadhi majengo ya kale liliziweka katika orodha ya maeneo 11 yaliyo hatarini zaidi nchini humo. Inakadiriwa kuwa zimebaki kama moja katika kila kumi.

Kukarabati jengo la namna hii huanza kwa kubomoa: dari za bandia zilizoshushwa, mbao zilizoziba madirisha, rangi juu ya rangi. Kazi ngumu huja baadaye. Sheria za leo zinadai vyoo vya ndani, njia ya viti vya magurudumu na milango ya dharura. Wageni nao wanataka kiyoyozi. Kila kimoja kinataka kutoboa ukuta ambao fundi amelipwa aulinde. Kwa maoni yangu, inafaa kukubali mashine ya kiyoyozi nyuma ya jengo kuliko kupoteza dirisha moja la mbele, kwa sababu bila yale madirisha kinachobaki ni banda tu. Ada ya kukodi ndiyo husaidia kulipia paa na rangi, maana jengo la mbao lisilotumika huoza upesi.

Mapema mwaka 2021 ilitiwa saini sheria inayoagiza serikali ya Marekani kuchunguza namna ya kumkumbuka Rosenwald na shule hizi ndani ya mfumo wa hifadhi za taifa. Ridgeley itatimiza miaka 100 mwaka 2027.