Majaribio ya Hadharani: Programu za Kompyuta na Istilahi Mbele ya Mtumiaji

UTANGULIZI

Mtu anayeshuka katika daladala pale Tegeta Kibaoni, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, hana haja ya kutembea hatua nyingi kabla ya kufika kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu. Akisimama hapo kwa robo saa atasikia maneno kama haya: kuweka, kutoa, salio, muamala, makato, namba ya siri. Hatakosa kumsikia mama akizungumza na kijana wake aliye mbali: "Mwanangu, nitumie elfu ishirini na ya kutolea." Hakuna hata mmoja wa wasemaji hao anayehisi kwamba anatumia istilahi. Hata hivyo maneno hayo ni istilahi kamili za fani ya fedha, nayo yameenea nchini kwa upana ambao orodha nyingi zilizotungwa kwa uangalifu mkubwa hazikuufikia.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya desturi moja ya watunzi wa programu za kompyuta, yaani desturi ya kuitoa programu kwa watu ingali katika majaribio na kuirekebisha kwa kufuata maoni yao. Kisha kuonyesha jinsi desturi hiyo ilivyofanya kazi katika Afrika ya Mashariki. Na mwisho kuuliza kama sisi tunaounda istilahi tunaweza kujifunza lolote kutokana nayo.

ASILI YA DESTURI HII

Programu ya kompyuta hupitia majaribio ya namna mbili. Katika jaribio la kwanza, watunzi wenyewe huikagua ndani ya karakana yao. Katika jaribio la pili, hupewa watu wa nje waitumie katika shughuli zao halisi na kueleza waliyoyaona. Majaribio haya yamepewa majina ya herufi mbili za kwanza za alfabeti ya Kigiriki: la ndani huitwa alfa, na la nje huitwa beta. Jaribio la pili likifunguliwa kwa kila apendaye, hapo ndipo tunapopata kile ambacho katika makala haya tutakiita jaribio la hadharani.

Sababu ya kuwapo kwa jaribio la nje ni rahisi. Mtunzi huijua njia aliyoikusudia, na kwa hiyo huipita hiyo hiyo kila mara. Wahenga walikwisha sema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtunzi wa programu, ingawa amekichonga kitanda mwenyewe, mara nyingi si yeye atakayekilalia.

Mifano maarufu ya desturi hii ni mingi. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, aliwatangazia watumiaji wa mfumo ulioitwa Minix kwamba alikuwa akitengeneza mfumo wake mwenyewe, akawauliza wangependa uwe na mambo gani. Kutokana na mwanzo huo ulizaliwa mfumo wa Linux, ambao umeendelea kurekebishwa na watumiaji wake hadi leo. Mwezi wa Oktoba 1994, kampuni ya Netscape ilisambaza bure kwa njia ya intaneti toleo la majaribio la programu yake ya kusomea kurasa za mtandao. Nayo huduma ya barua pepe ya Gmail, iliyoanzishwa tarehe 1 Aprili 2004, ilibaki na alama ya majaribio mpaka Julai 2009.

Maoni yanayopatikana katika majaribio ya namna hii yagawanyike mafungu mawili. Fungu la kwanza ni taarifa za makosa: hapa programu imekwama, hapa hesabu haikutoka sawa. Fungu la pili ni matumizi ambayo mtunzi hakuyatarajia. Fungu la kwanza husahihisha chombo. Fungu la pili hueleza chombo chenyewe ni cha nini, na kwa sababu hiyo ndilo lenye uzito zaidi. Mfano ulio wazi kabisa wa jambo hili hatuna haja ya kuufuata ng'ambo.

JARIBIO LA NAIROBI NA THIKA

Mwezi wa Oktoba 2005 kampuni ya simu ya Safaricom, ikishirikiana na Vodafone ya Uingereza, ilianza nchini Kenya jaribio la huduma iliyoitwa M-Pesa. Sehemu ya gharama ililipwa na idara ya serikali ya Uingereza iliyoshughulikia maendeleo ya kimataifa. Washirika wengine walikuwa Benki ya Biashara ya Afrika pamoja na Faulu, shirika la kutoa mikopo midogo. Jaribio lilifanyika Nairobi na Thika, na wateja waliohusika hawakufika 500. Halikuwa wazi kwa kila mtu, lakini lilifanywa katikati ya watu na biashara zao, kwa pesa zao halisi.

Kusudi la watunzi lilikuwa moja: kumwezesha mteja wa Faulu kupokea mkopo na kuurejesha kwa simu. Huduma ilipowekwa mikononi mwa wateja, wao waliitumia kwa mambo mengine kabisa. Wengine waliwalipia wenzao marejesho ya mkopo ili nao wafanyiwe kazi fulani. Wengine walilipana katika biashara. Wako waliohifadhi mauzo ya siku humo ili wasilale na fedha taslimu nyumbani. Wako pia waliokuwa na safari baina ya miji hiyo miwili, wakaweka pesa kwa wakala kabla ya kuondoka na kuzitoa kwa wakala mwingine walikofika, wasije wakaibiwa njiani. Na wengi waliwapelekea pesa jamaa zao.

Wakati huo huo lile kusudi la kwanza lilipata matatizo. Uwekaji hesabu wa Faulu haukulingana na mfumo mpya, na kazi ya kupatanisha madaftari ya pande mbili ilikuwa nzito. Mambo mawili basi yalikuwa mezani: shughuli iliyokusudiwa, ambayo ilikuwa ikisuasua, na shughuli isiyokusudiwa, ambayo ilikwenda yenyewe. Waliosimamia jaribio walikubali kufundishwa. Huduma ilipozinduliwa rasmi tarehe 6 Machi 2007 haikutangazwa kuwa njia ya kurejesha mikopo, bali njia ya kupeleka pesa nyumbani. Mwaka 2008 huduma hiyo ikaingia Tanzania kupitia kampuni ya Vodacom.

Wala marekebisho hayakukoma baada ya uzinduzi. Watumiaji walipokosea tarakimu, pesa zilifika kwa watu wasiowajua. Baadaye Safaricom iliongeza huduma iitwayo Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la anayepelekewa kabla pesa hazijaondoka. Kosa la mtumiaji liligeuka kuwa sehemu ya chombo.

MANENO YALIYOJARIBIWA PAMOJA NA CHOMBO

Jambo ambalo wanahistoria wa programu hawalitaji, na ambalo linatuhusu sisi hasa, ni kwamba huduma hizi zilipojaribiwa na watu, maneno nayo yalijaribiwa. Mteja asiyeelewa neno la kwenye simu huweza kupoteza fedha yake. Kwa hiyo neno lisilofaa hujulikana upesi, na linalofaa hushika mizizi.

Aidha, watumiaji waliunda ya kwao. Maneno "lipa namba" yalianza kama agizo la kufanya malipo kwa kutumia namba. Leo mwenye duka la Tegeta huulizwa, "Naomba lipa namba yako," na kitenzi cha amri kimekuwa sehemu ya nomino. Hali kadhalika "ya kutolea": tungo hii fupi hubeba maelezo mazima, kwamba utoaji una makato na kwamba mtumaji mwema humwongezea mpokeaji kiasi cha kuyalipia. Hakuna kamati iliyoketi kuitunga, bali imezaliwa na desturi yenyewe.

Tulinganishe na jitihada nyingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilistahili heshima, na baadaye kampuni ya Microsoft nayo ilitoa Windows kwa Kiswahili. Lakini karani wa ofisi alikuwa amekwisha kujifunza kompyuta kwa Kiingereza. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, na mtihani wake vivyo hivyo. Maneno mapya yalimkuta amekwisha kuzoea mengine. Hayakushindwa kwa ubaya wake, ila hayakupata mtu aliyeyahitaji.

Yaliyolipata neno "tarakilishi" yanafanana na hayo. Limeundwa kwa ufundi, kutokana na tarakimu na akili, na katika vitabu vya shule nchini Kenya lingali linaishi. Kwa Tanzania, "kompyuta" imeliacha nyuma, na "ngamizi" halisikiki ila kwa wapenzi wa lugha. Kinyume chake ni "kishikwambi". Wengi walilisikia kwa mara ya kwanza wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, pale makarani walipofika mlangoni wakiwa nacho mkononi. Baada ya sensa vifaa hivyo viligawiwa kwa walimu, na neno likafuatana na kifaa mpaka darasani. Ni dhahiri kwamba neno hukubalika kwa urahisi zaidi linapofika siku moja na kitu chake.

MIPAKA YA MTUMIAJI

Haifai hata hivyo kudhani kwamba mtumiaji peke yake anatosha. Mmoja huandika "muamala", mwingine "mwamala". Mtanzania husema "namba", Mkenya "nambari". Mtumiaji hujali haja yake ya leo. Hafikirii kama neno litazaa mengine, wala kama litalingana na istilahi za fani jirani. Safaricom haikuwaachia wateja wake kuandika programu: iliwatazama, ikawasikiliza, kisha mafundi wakafanya kazi yao. Nasi hatuna budi kufuata mgawanyo huo wa kazi.

MAPENDEKEZO

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi mpya zitolewe kwanza zikiwa na alama ya majaribio na muda uliotajwa, ili mfasiri na mwalimu wajue kwamba maoni yao yanangojewa. Pili, zipelekwe mahali kitu kinaposhikwa: kwa wakala, kwa fundi, kwa muuguzi, kwa karani wa masjala. Wala wasiulizwe tu kama neno wanalipenda, maana mtu huweza kulisifu neno kwa adabu na asilitumie kamwe; wasikilizwe wanaposema wenyewe kazini. Tatu, matokeo yachapishwe, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, pamoja na sababu. Orodha ya maneno yaliyokataliwa itatufundisha zaidi ya orodha ya yaliyosanifishwa.

Kwa muda mrefu swali letu la kwanza limekuwa kama neno limeundwa sawasawa. Swali hilo libaki. Lakini kabla ya kulipiga muhuri, inafaa tuliulize na lile ambalo wateja wachache wa Nairobi na Thika waliwalazimisha mabingwa kulijibu: watu wamelichukua kwenda kufanyia nini?