Dawa ya kifafa na fundo la mishipa

Kwetu mtu akianguka kifafa, wengi banasema amelogwa. Tuangalie historia kidogo.

Mwaka 1912, munganga Alfred Hauptmann wa Ujerumani aliwapa wagonjwa wa kifafa fenobarbitali ili walale. Akashangaa: hata kuanguka kulipungua! Mwaka 1938, Merritt na Putnam kule Boston wakaleta fenitoini, yenye kutuliza kifafa bila kulewesha mtu na usingizi.

Lakini kifafa kinatoka wapi? Mwaka 1927, Egas Moniz kule Lisbon alikuwa amepata njia ya kupiga picha ya mishipa ya damu ndani ya kichwa cha mtu muzima. Kwa wengine picha ilionyesha fundo: mishipa inayopeleka damu inaimwaga moja kwa moja kwenye ile inayoirudisha. Fundo kama hilo linasumbua ubongo, na siku moja linaweza kupasuka.

Njo maana historia hizi mbili zinaenda pamoja. Dawa inatuliza ubongo, haifungui fundo. Mgonjwa asiyeanguka tena asiache dawa bila munganga, na picha ya kichwa bado ina kazi. Uchawi hauonekani kwenye picha, fundo linaonekana.