Skii nyepesi za kupandia milima: Kila gramu inayopunguzwa ina gharama yake

Wengi wanaotazama mashindano ya kuteleza kwenye theluji katika runinga humwona mchezaji akiteremka mlima kwa kasi, wasijue kwamba alipandishwa kileleni kwa kiti kinachoning'inia kwenye waya. Hata hivyo, katika milima ya Alps barani Ulaya wako maelfu ya watu wasiovitaka viti hivyo. Huvaa skii zao bondeni na kuukwea mlima kwa nguvu ya miguu, pengine kwa saa tatu au nne, ili wapate kuteremka kwa dakika chache tu.

Mchezo huu si ule ambao Philip Boit aliiwakilishia Kenya mjini Nagano, Japani, mwaka 1998, alipomaliza wa mwisho katika kilomita 10 na bingwa Bjørn Daehlie akamsubiri utepeni ili amkumbatie. Boit alishiriki katika njia iliyotengenezwa. Wanaokwea milima hujitengenezea njia wenyewe, na mara nyingi hupita juu ya barafu yenye nyufa.

Ili skii isirudi nyuma wakati wa kupanda, hubandikwa chini yake utepe mrefu uitwao ngozi. Zamani ilikuwa ngozi halisi ya sili, mnyama wa baharini; siku hizi hutengenezwa kwa manyoya ya mbuzi wa Angora, kwa nailoni, au kwa mchanganyiko wa hivyo viwili. Vinyweleo vyake vimelala upande mmoja, kwa hivyo huteleza mbele na kung'ang'ania theluji mguu unapotaka kurudi nyuma. Kileleni, ngozi hubanduliwa na kutiwa mkobani.

Sasa, uzani. Skii ya kawaida ya mteremko pamoja na kishikizo cha buti inaweza kufikia kilo 3 kwa kila mguu. Skii ya kukwelea milima, bila kishikizo, huwa kati ya kilo 1 na kilo 1.5, na ile ya mashindano hushuka chini ya gramu 800. Anayepanda mita 1,000 kwenda juu huenda akapiga hatua 3,500 kwa kila mguu. Skii ikipungua nusu kilo, mguu huo umeepushwa kuvuta jumla ya kilo 1,750 kabla ya kufika kileleni. Isitoshe, mzigo ulio mguuni huchosha kuliko mzigo wa uzani uo huo ulio mgongoni.

Badiliko kubwa zaidi halikuanzia kwenye skii yenyewe bali kwenye kishikizo. Katika miaka ya 1980, Fritz Barthel wa Austria alibuni kifaa kidogo chenye pini mbili za chuma zinazoingia katika matundu pande mbili za ncha ya buti. Kisigino huachwa huru wakati wa kupanda, kisha pini nyingine mbili hukifunga wakati wa kuteremka. Baadaye kampuni ya Dynafit ilianza kukitengeneza kifaa hicho kwa wingi, na haki za ubunifu zilipokwisha, kampuni nyingine nazo zikaingia sokoni. Buti na skii zikafuata mkondo huo: mbao nzito zikaachiwa nafasi miti myepesi kama paulownia na balsa, ikizungushiwa nyuzi za kaboni.

Matokeo yake yanaonekana wazi katika Patrouille des Glaciers, mashindano ya jeshi la Uswisi kutoka Zermatt hadi Verbier, umbali wa zaidi ya kilomita 57, ambayo hukimbiwa na vikosi vya watu watatu. Yalipofanyika mara ya kwanza mwaka 1943, washindi walichukua zaidi ya saa 12. Mwaka 2010, kikosi cha Uswisi kilimaliza chini ya saa 6. Mazoezi na matayarisho ya njia yalichangia, lakini hakuna mwanariadha ambaye angekimbia hivyo akiwa na mbao za mwaka 1943.

Februari 2026, ukweaji milima kwa skii uliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Bormio, Italia. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huo huweka kikomo: skii za wanaume zisipungue urefu wa sentimita 160, na za wanawake sentimita 150. Bila kikomo hicho, mashindano ya kupunguza gramu yangeishia kwenye vijiti.

Gharama ya wepesi hulipwa wakati wa kuteremka. Skii nzito humeza mitikisiko; nyepesi hutetemeka juu ya theluji iliyoganda na kusukumwa huku na huko na theluji iliyovurugika. Mtaalamu huvumilia hali hiyo, lakini mgeni aliyechoka huanguka. Ndiyo maana kwa mtu asiyeshindana, skii ya kilo 1.3 yenye upana wa milimita 85 hivi chini ya buti ni uamuzi wa busara kuliko ile ya mashindano, hata kama atafika kileleni nusu saa baada ya wenzake.

Jambo la kuchunguza kwa makini zaidi ni kishikizo. Vile vyepesi kabisa havina marekebisho ya nguvu ya kuachia buti mtu anapoanguka, na ncha ikifungwa kwa ajili ya kupanda haiachii kwa urahisi. Katika maporomoko ya theluji, skii isiyoachia ni nanga inayomvuta mtu chini.

Milima hiyo haina huruma hata kwa walio hodari. Mwaka 1949, wanaskii watatu wa Patrouille des Glaciers walitumbukia katika ufa wa barafu na kufa, na mashindano hayo yakasimamishwa hadi mwaka 1984.

Kwa sababu hiyo, upo mzigo ambao hata wanaohesabu kila gramu hawauachi nyumbani: kifaa cha kutoa mawimbi ya redio, koleo, na fimbo ndefu ya kuchomea theluji ili kumtafuta aliyefukiwa. Vyote vitatu hukaribia kilo 1. Aliyefukiwa akitolewa katika dakika 10 za kwanza ana nafasi kubwa ya kuishi. Baada ya nusu saa, nafasi hiyo huwa imeporomoka, na ni nadra helikopta ya waokoaji kuwahi. Wanaomchimbua ni wale aliopanda nao.